Mkaguzi Asiyeona Jani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo natimiza miaka thelathini na saba tangu niache nyanda za Nyando. Ilikuwa Machi kama hii. Mto uliingia nyumbani kwetu, ukala ukuta wa baba, ukabeba ghala na mahindi yake, nami nikapanda milima ya Kericho kutafuta kazi ya kiwanda kwa muda mfupi. Muda mfupi bado unaendelea. Nimestaafu sasa. Nina kishamba cha chai karibu na Sosiot, mke mmoja, ng'ombe mmoja, masanduku mawili ya vitabu. Na cheo.

Cheo changu ni mkaguzi wa majani katika kituo chetu cha kuuzia chai. Wakulima wenyewe walinichagua. Kazi ni kusimama kwenye meza kabla ya mizani, kutazama kila kikapu, kupitisha majani mawili na kichipukizi chao, na kutupa mengine yote. Kazi ya macho.

Leo asubuhi nimepitisha jani la parachichi.

Jani zima! Pana kama kiganja! Jonah Kipkirui ndiye aliyeliona. Jonah amekitamani cheo hiki tangu siku niliyokipata. Alilinyanyua juu ya kofia yake ili hata walio barabarani walione, akauliza kwa sauti ya mhubiri, "Jaduong', na hii ni chai ya wapi?" Jaduong' ni neno la kwetu la kumheshimu mzee. Mdomoni mwa Jonah lina miiba.

Nikamjibu kwamba ni aina mpya. Iko kwenye majaribio. Inavumilia mvua ya mawe.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kabla ya saa nne watu watatu walikuwa wameniuliza miche inapatikana wapi.

Ukweli nauandika hapa tu. Sioni vizuri tangu Januari. Herufi za vitabu vyangu zinaogelea kama omena kwenye karai. Jicho la kushoto lina ukungu, na si kama ukungu wa hapa, ambao jua likipanda huondoka kwa adabu.

Jioni akapiga simu Kepher, ndugu yangu mdogo aliyebaki Nyando. Binti yangu Quinter amemwambia kila kitu. Kepher alisema mtu anayepoteza macho hana la kufanya ugenini. Nirudi nikingali naiona njia, nisingoje kuletwa kama mzigo. Nikasema macho yangu ni mazima. Akaniambia basi nitazame saa ya ukutani nimwambie ni saa ngapi. Nikasema imesimama.

Haijasimama. Nilikuwa nikiisikia.

Nikipoteza macho nimepoteza cheo, nimepoteza vitabu, nimepoteza hoja ya mwisho ya kubaki huku. Kepher atashinda. Haiwezekani.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo limetatuliwa. Nimenunua miwani sokoni Sosiot. Mchuuzi alinivisha moja baada ya nyingine huku akinisifu. Nikachagua yenye fremu nene kuliko zote, inayomfanya mtu afanane na jaji.

Njiani nilimkuta Rodah Chepkosgei, mkulima mwenzetu, amesimama kando ya barabara na shuka yake ya kahawia. Nikamsalimu vizuri, "Chamgei, mama." Nikamuuliza habari za ng'ombe. Nikamuuliza habari za watoto. Alinyamaza kwa heshima kubwa, nami nikapendezwa na utulivu wake.

Rodah alikuwa upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nikisalimu gunia la mbolea. Alijibu kwa niaba ya gunia, kwamba watoto wote hawajambo, isipokuwa kifungua mimba, ambaye ameshamwagwa shambani.

Miwani iko chooni. Ndani kabisa.

Jioni kamati ilikaa. Jonah alipendekeza kwamba Jumamosi, mbele ya wanachama wote, mimi na yeye tuchambue kikapu kimoja kimoja cha majani yaliyochanganywa. Atakayechambua vizuri ashike meza. Alilisema akinitazama kwa huruma. Huruma ya Jonah ni kitu kibaya sana. Nikasimama nikakubali kwa sauti kubwa, nikaketi. Kiti kilikuwa kimesogea kidogo kutoka pale nilipokidhania.

Jumatano, 5 Machi

Karoti! Nimekula karoti asubuhi, mchana na jioni. Sungura hawavai miwani. Jioni bado nilimwita ng'ombe kwa jina la mke wangu.

Adoyo, mke wangu, ana nadharia yake. Anasema ni presha. Anasema nilipimwa miaka miwili iliyopita nikaambiwa iko juu, na kwamba nimepuuza. Huu ni uonevu. Sikupuuza. Nilipewa vidonge vya mwezi mmoja, nikameza vyote bila kuruka hata kimoja, nikamaliza dozi. Mtu akimaliza dozi amepona. Ndivyo ilivyo kwa malaria, na sioni kwa nini presha ijione bora kuliko malaria.

Tena sina hata kichwa kinachouma. Presha ya mtu mwenye afya kama mimi itatoka wapi? Tangu Krismasi chumvi haijaingia nyumba hii. Mkebe niliutupa kwa mkono wangu, baada ya kusoma makala gazetini, wakati bado nasoma magazeti. Wanaume wengine hapa hawawezi kujizuia hivyo. Mimi naweza. Wala chakula hakijapoteza ladha, kwa sababu nilimwomba Adoyo aongeze magadi kwenye mboga. Na kwenye maharagwe. Na kikopo cha magadi hukaa mezani, nijiongezee kidogo.

Hata hivyo Jumamosi inakaribia. Nimeamua kwenda hospitali kwa daktari wa macho, anipe miwani ya kweli, basi. Si hapa Sosiot, ambako hata kuku wanamjua Jonah. Nitakwenda mbali, Kaplong, ambako hakuna anayenijua. Adoyo nimemwambia kuna mkutano wa mbolea.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya aibu. Naandika kwa herufi kubwa, na bado sizioni.

Nilifika Kaplong mapema nikaketi kwenye benchi la kliniki ya macho. Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja ndani alikuwa akisomeshwa herufi za ukutani. Nikazishika zote kwa moyo. Karani wa kiwanda wa zamani hasahau. Ilipofika zamu yangu, muuguzi aliniambia nizibe jicho moja. Nikaziba, nikazitaja herufi zote bila kukwama, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali.

Muuguzi akaniambia, "Mzee, huko ulikotazama ni kalenda."

Nikarudishwa benchini ningoje kupimwa presha. Hapo ndipo nilipoona kofia. Kofia ya Jonah Kipkirui, na Jonah chini yake, amejikunja kama barua.

Tulitazamana, au tulielekezeana nyuso. Nikamuuliza anatafuta nini huku. Akasema amekuja kumwona shemeji yake aliyelazwa, akanyoosha kidole kwenye mlango wenye kibao. Nikasema hata mimi nina jamaa yangu humo humo, mzee wa umri wangu. Tukapeana pole. Mama aliyekuwa karibu alishindwa kuvumilia. Alituambia hiyo ni wodi ya kujifungulia.

Baada ya hapo hapakuwa na la kuficha. Jonah alinong'ona kwamba naye haoni tangu msimu wa mahindi. Alilijuaje jani la parachichi? Alilinusa! Ana vidonge vya presha nyumbani, akasema, lakini huvimeza siku anazogombana na mkewe tu, maana hizo ndizo siku presha hupanda. Na yeye ni mtu wa amani, kwa hiyo humeza mara chache.

Nikamwambia hivyo sivyo. Dawa humezwa mfululizo mpaka iishe, halafu umepona.

Wote wawili tulipimwa. Yangu ilikuwa 190 kwa 115. Muuguzi alipima tena, kisha akaniambia nisinyanyuke. Ya Jonah ilikuwa chini kidogo ya yangu. Nilimsikia akishukuru Mungu kwa sauti, ili nisikie.

Wakatutia matone machoni, mboni zifunguke. Kisha nikaingia kwa Daktari Kemuma, mama mwembamba wa Kisii asiyepoteza neno. Alinimulika jicho moja, akanimulika la pili, akanipiga picha ya ndani ya macho, akaniita karibu na skrini. Niliiona, kwa sababu ilikuwa kubwa kama sinia. Duara la rangi ya chungwa, na mishipa ya damu ikitawanyika humo kama mito kwenye ramani.

Mito naijua mimi.

Aliniambia nyuma ya jicho ndipo mahali pekee mwilini ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa ya damu ikiwa kazini, bila kumpasua mtu. Yangu imechoka. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hii midogo hunenepa, njia ya damu ikawa nyembamba. Mahali ambapo mshipa mmoja unapita juu ya mwingine, ule wa juu umekuwa mgumu na unaubana wa chini. Halafu kuna mahali kuta zimeshindwa, damu imevuja. Akanionyesha madoa mekundu, na mabaka meupe kama pamba iliyochanwa, pale ambapo nyama ya jicho imekosa damu. Hayo ndiyo ukungu wangu.

Nikasema lakini haliumi. Akasema ndiyo, haliumi, na ndiyo sababu watu huja kwake wakiwa wamechelewa. Nikauliza miwani. Akasema miwani hunyoosha mwanga, haizibi mshipa unaovuja. Na macho yakiwa hivi, moyo, figo na ubongo navyo havijakaa salama.

Nikamuuliza kama nitakuwa kipofu.

Daktari aliiweka kalamu chini. Alisema kama nitaendelea hivi, yawezekana. Lakini presha ikishushwa pole pole na ikakaa chini, damu hiyo hunyonywa na mwili wenyewe, na mtu huanza kuona tena, si yote labda, lakini sehemu kubwa. Nirudi baada ya wiki sita apige picha nyingine. Na vidonge hivi si dozi ya kumaliza, ni vya kila siku, kama vile mtu hanawi uso mara moja kwa maisha yake yote.

Kisha akauliza ninakula nini. Hapa nilijua nitapata alama zote. Nikamwambia kwa fahari kwamba nyumba yangu haina chumvi tangu Krismasi. Akanisifu. Nikaendelea, nikamweleza jinsi magadi yanavyoweza kuokoa mboga.

Akauliza magadi kiasi gani. Nikamweleza kikopo kilipo. Akasema, "Baba, magadi ni chumvi iliyobadilisha koti. Umeifukuza mlangoni ukaiingiza dirishani."

Miaka yote hii ya kusoma!

Tulitoka nje mimi na Jonah mboni zikiwa wazi kama milango ya ghala. Jua lilitupiga kama rungu. Hakuna aliyeona chochote. Ilibidi tushikane mikono. Tulivuka uwanja wa hospitali hivyo, wapinzani wawili, tukiongozana na hakuna anayeongoza. Tukaapishana kwamba neno hili halitafika Sosiot.

Ijumaa, 7 Machi

Limefika Sosiot. Mimi ndiye niliyelileta, usoni.

Niliporudi jana jioni Adoyo alinitazama machoni akapiga kelele. Mboni zilikuwa bado kubwa. Akauliza kama huo mkutano wa mbolea ulikuwa wa kujadili mbolea au wa kuivuta. Nilijaribu kusimulia kuhusu wafadhili kutoka Nakuru. Akaniambia, "Baba Quinter, nakupa nafasi moja." Nikasema yote, mpaka magadi.

Hakupiga kelele tena. Aliketi akashika mkono wangu, akasema yeye ndiye aliyekuwa akiyatia. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nikiyaomba. Kisha akainuka, akakichukua kikopo, akaenda kukimwaga mahali ambapo hataki kuniambia.

Chakula cha leo: mboga ya managu kwa maziwa, vitunguu, dhania, ndimu. Adoyo anasema ulimi utazoea. Nilikula kama mtu anayekula majani ya uzio wa jirani. Nilimeza kidonge. Nitameza na kesho.

Ama kuhusu Jumamosi, nina mbinu. Vidole! Jani changa ni laini, linajipinda. Jani lililokomaa ni gumu, linakatika kwa mlio. Mchana kutwa nimejifunza kwenye kikapu cha Adoyo nikiwa nimefumba macho. Nimekosea mara chache tu. Nani anayehitaji macho? Nitasimama pale kama mtu anayetafakari, na vidole vitafanya kazi. Jonah hatakuwa na habari.

Jumamosi, 8 Machi

Jonah alikuwa na mbinu hiyo hiyo.

Wanachama walijaa kituoni tangu asubuhi. Wengine hawakuleta majani hata kidogo, walileta viti. Kipkoech, karani wa mizani, aliweka vikapu viwili mezani akapiga filimbi kama refa.

Tulianza. Mimi niliinua uso mbinguni, vidole vikizama kwenye majani. Nikasikia minong'ono. Nikageuka kidogo, na Jonah naye ameinua uso mbinguni, anapapasa. Mama mmoja aliuliza kama tumeanza na maombi. Mwingine akasema labda tunamsomea Mungu orodha ya wezi. Niliendelea. Nilikuwa nafanya vizuri! Laini huku, gumu kule. Nililisikia rundo langu la majani mazuri likipanda, na moyo wangu nao.

Rodah Chepkosgei ndiye aliyeuliza kwa nini hawa wazee hawatazami majani. Hakungoja jibu. Alitembea mpaka kwenye uzio, akachuma kitu, akarudi, akatuwekea kimoja huku, kimoja kule. Nikapapasa. Laini. Changa. Linajipinda vizuri. Nikaliweka kwenye majani mazuri. Jonah naye, ambaye siku hizi ana mafua, akaliweka kwenye majani mazuri.

Lilikuwa jani changa la parachichi.

Sitaandika jinsi watu walivyocheka. Kipkoech aliegemea mizani ikasoma uzito wake. Mtu fulani alipaza sauti kwamba ile aina mpya ya Mzee Okeyo, yaani mimi, sasa imekubaliwa rasmi.

Hapo nilifanya jambo dogo. Nilimwonyesha Jonah kwa kidole, nikawaambia watu, "Huyu naye haoni! Nilimkuta Kaplong!" Jonah akaruka: "Na wewe ulisomea daktari kalenda!" Nikasema, "Shemeji yako amejifungua mtoto gani, boiyot?" Akasema, "Muulize yule jamaa yako mzee aliyelala naye kitanda kimoja!" Boiyot ni neno la kwao la mzee. Nililitamka kwa miiba yote niliyokuwa nayo.

Kicheko kilikwisha ghafla, na hilo ndilo lililonishangaza. Rodah aliuliza, safari hii bila mzaha, daktari alisema ni nini. Jonah akanitazama mimi. Basi nikaeleza. Mito ya jicho, kuta zake, damu iliyovuja, na kwamba haliumi hata kidogo mpaka siku umekosa kuona. Nilieleza vizuri, nadhani. Nikaeleza na magadi. Nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake polepole, "Na sisi tunayatia kila siku." Mzee mmoja akauliza kama mtu akiona nyota asubuhi akiinama kukamua, hiyo nayo inaingia? Jonah akasema yeye ana vidonge vingi ambavyo hakuvimeza, na kwamba alikuwa mjinga. Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nililifurahia sana.

Kura ilipigwa kwa mikono. Meza imechukuliwa na Rodah. Amri yake ya kwanza ni kwamba baada ya wiki mbili atamleta muuguzi hapa hapa kituoni, na hakuna kikapu kitakachofika kwenye mizani kabla mwenye kikapu hajapimwa presha.

Mimi si kitu tena. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nilisalimu kila kitu njiani, kwa usalama.

Jumapili, 9 Machi

Kepher amepiga simu baada ya kanisa. Ameshasikia. Hakucheka, heri angecheka. Alisema cheo hakipo, macho yanakwenda, nangoja nini? Ardhi ya baba bado ina kona yangu. Atanijengea nyumba ndogo mbali na mto. Watoto wake watanisomea magazeti.

Nilikata simu nikaanza kupanga vitabu ndani ya sanduku. Nilikuwa nikivitambua kwa unene. Nilifikiria Nyando kama nilivyoiacha: mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, na korongo mweupe kwenye kila tuta. Nikagundua kwamba hata nikirudi sitayaona. Nitasikia tu vyura.

Adoyo alisimama mlangoni. Aliuliza kama nimeshauambia mchai wetu kwamba nahama, au utaambiwa na nani. Kisha akasema daktari alitaja wiki sita, kwa hiyo tumpe daktari wiki zake. Nikakubali. Tarehe 16 Aprili picha mpya itapigwa. Ikiwa ukungu haujapungua, nitarudi Nyando, nami nitamwambia Kepher alikuwa sahihi. Ikiwa umepungua, nitabaki.

Sijafunga sanduku. Sijalifungua pia.

Jumamosi, 22 Machi

Muuguzi amekuja! Foleni ilizunguka kituo mpaka barabarani. Rodah alisimama pale kama askari wa mpakani. Waliokutwa na presha ya juu ni wengi kuliko tulivyodhani, na Kipkoech, kijana mwenye mabega kama fahali, ndiye aliyeongoza. Aliketi chini akiwa ameshika kofia yake. Jonah alimwendea, akamweleza habari za vidonge vya kila siku kwa sauti ya mtu aliyevivumbua.

Mimi na Jonah humeza pamoja siku hizi, saa ya chai ya asubuhi, kwenye uzio. Si urafiki. Ni ulinzi. Kila mmoja anahakikisha mwenzake hajadanganya.

Leo tulishindana nani presha yake imeshuka zaidi. Nilikuwa na mbinu: kabla ya kupimwa nilijifungia ghalani nikipumua kwa utulivu na kufikiria mambo matamu. Nilifikiria kumshinda Jonah. Ikapanda. Jonah akanishinda. Alizunguka foleni nzima akiwapa watu mikono.

Lakini hata yangu si ile ya Kaplong. Muuguzi alinionyesha namba, na, Mungu wangu, niliisoma mwenyewe.

Jumatano, 16 Aprili

Kaplong. Adoyo alikuja nami. Safari hii nilitazama ubao, nikataja nilichokiona, nikasema sioni pale nilipokuwa sioni. Kazi ngumu sana hiyo. Nimeshuka mistari miwili zaidi kwa jicho la kulia. Presha: 138 kwa 86.

Daktari Kemuma aliweka picha mbili kando kwa kando, ya zamani na ya leo. Madoa mekundu mengi hayapo. Pamba imeyeyuka. Mishipa bado ni myembamba, na jicho la kushoto lina doa moja ambalo, alisema, huenda lisiondoke kamwe. Nilimshukuru kwa kutonificha. Adoyo alikuwa akilia na kuninyooshea kidole wakati huo huo. Dawa ni ile ile, kila siku, na chumvi ni ile ile, kidogo sana. Nirudi mwezi wa saba.

Tulipitia Kericho mjini. Wakati Adoyo akichagua nyanya, nilizunguka rafu za supamaketi nikisoma kila kibandiko, kwa raha tu ya kusoma. Hapo ndipo nilipouona ugunduzi. Mawe madogo ndani ya pakiti, ya rangi ya waridi, yaliyotoka kwenye milima ya mbali. Ni kama chumvi, lakini si nyeupe. Daktari alikataza chumvi na magadi. Mawe ya waridi hakuyataja, nami namwamini kwamba asingesahau. Zaidi ya hayo, yamechimbwa mlimani, na hewa ya mlima haijawahi kumdhuru mtu. Pakiti iko nyuma ya kamusi. Nitaanza na kidogo, kwenye mayai. Jonah nimemwahidi nusu.

Jioni niliketi barazani nikasoma ukurasa mzima, maandishi ya kawaida, jua likiwa bado juu ya chai. Herufi zilisimama mahali pake. Niliusoma tena ukurasa ule ule.

Kisha nikampigia Kepher. Alikuwa anaanza kunieleza alivyopima msingi wa nyumba. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, maana ni ndugu yangu na alipima kwa upendo. Nikamwambia apande mihogo hapo. Akauliza, basi awaambie nini watu wa nyumbani.

Nikamwambia awaambie kwamba naona. Sitarudi.